Hapo Tu, Chini Kidogo

Karatasi ile Mama Primitiva Alanoca aliisoma mara tatu, amesimama mbele ya kanisa la San Francisco na kibendera chake cha buluu cha kuongozea wageni kwapani, na kila alipofika mstari wa tano hasira ilimpanda upya. Mstari wa kwanza, sawa: kanisa. Wa pili, mtaa wa waganga. Wa tatu, kigari cha kebo mpaka juu El Alto na kurudi. Wa nne, soko la Rodríguez, dakika ishirini. Wa tano ulikuwa umeandikwa kwa herufi nene: "Saa nne na nusu, api na andazi la jibini, JIKO LA BIBI. Si kwingine."

"Si kwingine!" alisema kwa sauti, na njiwa waliokuwa miguuni pake wakaruka.

Alimpigia Limbert simu hapohapo. Limbert Antezana, kijana wa miaka ishirini na saba, ndiye aliyepanga safari katika kampuni ya Kilele cha Buluu, na kila alichopanga alikipanga akiwa ameketi. Katika miaka yake miwili ya kazi Mama Primi hakuwahi kumwona akipanda ngazi hata moja ya La Paz, mji ambao ni ngazi tupu.

"Limbert, mwanangu. Hili Jiko la Bibi ndiyo nini?"

"Mkahawa mpya, Mama Primi. Mzuri mno. Upo juu ya soko, mtaa wa pili. Una vioo, una vitambaa mezani."

"Na Hilaria?"

"Hilaria ni nani?"

"Hilaria Tintaya, wa api. Ninakowapeleka wageni tangu wewe hujaota meno."

"Aa, yule mama wa benchi!" Limbert alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayemtuliza mgonjwa. "Mama, wageni wanataka kitu cha asili, lakini kiwe na unadhifu. Jiko la Bibi api inaletwa kwenye glasi, na juu ina krimu. Wanapiga picha."

"Krimu? Juu ya api?"

"Tumeshakubaliana na wenyewe, Mama Primi. Usipowafikisha wageni pale, basi msimu wa sikukuu sitakupa kundi hata moja. Sisemi kwa ubaya."

"Na huyo bibi mwenye jiko, umemwona?"

"Bibi yupi?"

"Si ndiyo nakuuliza."

Kijana akakata simu. Mama Primi akabaki ameishika kama mtu aliyeshikishwa samaki aliyeoza.

Asiyejua anaweza kudhani ni ugomvi wa uji. Na kweli api ni uji, uji wa mahindi ya zambarau wenye mdalasini na karafuu, unaonywewa wa moto asubuhi pamoja na andazi lililotuna kwa jibini. Lakini mtu wa La Paz anaweza kubadili kanisa, akabadili mume, akabadili hata timu ya mpira, majirani wakamsema wiki moja wakachoka. Kasera habadilishwi. Neno lenyewe ni la pande mbili: muuzaji anakuita kasera, nawe unamwita kasera, na baada ya hapo mmefungana. Hupiti mbele yake na mfuko wa viazi vya mwingine. Hunywi api ya mwingine, kwa sababu api inaacha rangi mdomoni, na rangi hiyo itakusema kabla hujasalimia. Na malipo ya uaminifu wako ni nyongeza. Ukimaliza kikombe unakinyoosha tu, bila neno, na kasera wako anakumiminia nusu nyingine. Nusu hiyo hailipiwi, wala mgeni hapewi.

Mama Primi alikuwa kasera wa Hilaria Tintaya kwa miaka thelathini na saba.

Aliingia mji huu ana miaka kumi na tisa, mwaka ule migodi ilipofungwa na serikali ikawaambia wachimbaji waende wanakojua. Alikuja na baba anayekohoa, godoro moja na sufuria mbili. Asubuhi ya kwanza walikuwa na uwezo wa kununua kikombe kimoja cha api, wakanywa wawili. Pale chini ya ngazi za soko, pembeni mwa mama mnene mwenye kofia ya duara, binti wa rika lake ndiye aliyekuwa akimimina. Primi alinyoosha kikombe bila kujua desturi; alitaka tu kukirudisha. Yule binti akakijaza. Baba akanywa. Kikombe kikarudi, kikajazwa tena, halafu tena, na kila mara yule binti alikuwa akitazama kando, kama vile mkono wake unafanya mambo bila kumwomba ruhusa. Mwishoni akasema, "Kesho uje, kasera." Basi. Hawakuwahi kulizungumzia jambo hilo, na Mama Primi hakuwahi kunywa api kwingine.

Kazi ya kuongoza wageni aliipata kwa makosa ya wenzake. Watu wa La Paz wana maneno yote isipokuwa "sijui." Ukimuuliza mtu njia atakujibu, ajue asijue, maana kumwambia mgeni "sijui" ni kama kumfungia mlango usoni, kwa hiyo ananyoosha mkono upande wowote ambao mkono unaupenda na kusema, "Hapo tu, chini kidogo." Wakati huo Primi aliuza peremende na njugu kwenye kona ya uwanja wa kanisa, na aliwaona wageni walewale wakimpita mara ya kwanza wanacheka, mara ya pili wamenyamaza, mara ya tatu mwanamke analia na mwanamume anamlaumu. Siku moja akachoka kutazama. Aliacha meza kwa jirani, akamshika Mjerumani mmoja mkono kama mtoto, akampeleka mpaka mlango aliokuwa akiutafuta tangu asubuhi. Kesho yake Mjerumani akarudi na wenzake wanne.

Baadaye serikali ikataka waongozaji wawe na vitambulisho, na vitambulisho vikataka mtihani. Primi alifeli mara ya kwanza. Swali lilikuwa kutaja umbali kutoka kanisani hadi makaburini, na watahiniwa wote wa La Paz, naye akiwamo, waliandika jibu lilelile: "Hapo tu." Aliyefaulu alikuwa mmoja, na huyo alitoka mji mwingine, Cochabamba.

Sasa alikuwa na miaka hamsini na sita na magoti yaliyoujua mji kuliko ramani yoyote, na kijana aliyeketi ofisini alimwambia si kwingine.

Wageni wa siku hiyo walikuwa watatu, familia moja kutoka Rosario, Argentina: Reinaldo Fossati, daktari wa meno mstaafu, mkewe Mirtha, na Nélida, dada yake Mirtha, mjane aliyevaa soksi mbili mbili na kusema kidogo. Daktari alikuwa amekumbatia chupa ya maji ya moto kwa ajili ya kinywaji chao kiitwacho mate, cha majani machungu, wanachokifyonza kwa mrija wa chuma, na alianza kulalamika kabla hajasalimia.

"Maji ya hoteli yenu hayachemki, mama."

"Yanachemka, daktari. Huku juu yanachemka mapema, kabla hayajapata moto sawasawa."

"Basi hayo hayachemki, yanajifanya yanachemka. Nani alijenga mji mahali pasipo na hewa?"

"Waliojenga walikuwa na mapafu."

Nélida alicheka kimyakimya ndani ya skafu yake. Mama Primi akamwandika moyoni.

Walianza kwa saltenya, vile vimkate vya nyama vyenye mchuzi ndani, kwa mwanamke anayeuza nje ya kanisa. Mama Primi aliwaonyesha: unaishika wima, unang'ata pembe, unafyonza mchuzi kwanza. Daktari akampungia mkono.

"Mama, unanifundisha mimi? Jina lenyewe linasema saltenya, yaani ya Salta. Na Salta iko wapi? Kwetu."

Akang'ata katikati. Mchuzi ukashuka kidevuni, ukapita kiwikoni, ukamalizia kwenye suruali nyeupe.

"Salta imekumwagikia, Reinaldo," alisema Mirtha, akampa leso bila kumtazama.

Mtaa wa waganga ulichukua nusu saa kwa sababu daktari alitaka kujua bei ya kila mtoto wa llama, mnyama wa milimani, aliyekaushwa na kutundikwa kwa ajili ya kafara, kisha akatangaza kwamba hataki hata mmoja. Muuzaji, bibi wa miaka themanini hivi, akamuuliza Mama Primi kwa Kiaimara, lugha ya wenyeji, huyu bwana ana ugonjwa gani. Mama Primi akamjibu kwamba ni ugonjwa wa kuzaliwa. Kisha wakapanda kigari cha kebo. Mji ukashuka chini ya miguu yao, nyumba za matofali mekundu zikibebana mgongoni mpaka ukingoni, na mlima Illimani ukatokea na theluji yake yote, na daktari akasema kwao Argentina, kule Mendoza, kuna mrefu zaidi.

Ilikuwa ndani ya kigari hicho ndipo Mama Primi alipotoa karatasi na kusoma yaliyoandikwa kwa ajili ya mstari wa tano, maana Limbert alikuwa ameandika mpaka maneno ya kusema. Alisoma haraka, macho yamekaza kwenye karatasi: "Sasa mtaonja api ya Jiko la Bibi, bora kuliko zote La Paz. Hakuna nyingine mjini inayoifikia." Watu kama Limbert wanauza mji ambao hawajawahi kuukanyaga, na wanakodi mdomo wa aliyeukanyaga ili uongo upate miguu.

"Na wewe, Mama Primi?" aliuliza Nélida, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu asubuhi. "Wewe asubuhi unakunywa hapohapo?"

Angeweza kusema ndiyo. Alikuwa amechoka, na yule mama alikuwa ameuliza kwa adabu.

"Mimi nina kasera wangu," alisema. "Hilaria. Chini ya ngazi za soko, penye turubai la kijani."

"Si umesema hakuna nyingine inayoifikia?" akaruka daktari.

"Karatasi ndiyo imesema."

Njiani kurudi chini alipanga mambo kichwani. Angetii, kwa leo tu, na Hilaria asijue. Soko la Rodríguez lilikuwa kama mteremko wa watu na viazi. Ngazi zenye turubai la kijani zilikuwa mwisho wake, chini kabisa. Jiko la Bibi lilikuwa juu, mitaa miwili. Angewapitisha kwa uchochoro wa juu wa wauza betri na redio, wageni wakale krimu yao, yeye asinywe chochote, na kabla ya saa tano angeshuka peke yake kwa Hilaria na mdomo usio na rangi. Ulikuwa mpango mzuri. Aibu yake tu ndiyo iliyokuwa mbaya, na aibu aliikunja akaitia mfukoni pamoja na karatasi.

"Mbona tunapita huku kwenye takataka?" aliuliza daktari.

"Ni njia fupi."

"Fupi kwenda wapi? Tunapanda! Asubuhi nzima tunapanda. Katika mji huu hata kushuka ni kupanda."

Walipofika mwisho wa uchochoro Mama Primi akageuka kuhesabu vichwa, akapata viwili.

"Nélida yuko wapi?"

Mirtha alitazama nyuma. Daktari alitazama chupa yake. "Si alikuwa na wewe?" kila mmoja alimwambia mwenzake.

"Jamani! Watu wawili wazima, mna ndugu mmoja tu wa kumtunza!"

"Kiongozi ni wewe, mama. Wewe ndiye mwenye bendera."

Mama Primi alirudi mbiombio, wale wawili wakihema nyuma yake, na akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka yake yote ya kazi: aliuliza njia.

"Kasera," alimwambia mwuza viazi, "umemwona mama mmoja, mgeni, ana skafu nyekundu?"

"Amepita. Hapo tu, chini kidogo."

Akashuka. Akamuuliza mwuza betri.

"Wa skafu? Hapo tu, mama. Chini kidogo."

"Umemwona au unasema tu?"

Mwuza betri akaudhika. "Nakusaidia halafu unanihoji?"

Kwenye kivuko alimkuta mmoja wa wale vijana wanaovaa mavazi ya pundamilia kuvusha watu barabara. Alimshika mkia. "Kijana, usinidanganye, mimi ni wa hapahapa, nimezeeka hapahapa. Mgeni, skafu nyekundu."

Pundamilia akainamisha kichwa chake kikubwa cha kitambaa, akafikiri, kisha akanyoosha ukwato. "Hapo tu, mama yangu. Chini kidogo."

Alijua. Alijua kuliko mtu yeyote aliye hai kwamba maneno hayo hayana maana, kwamba alikula na kumlea baba yake mpaka kifo kwa sababu maneno hayo hayana maana. Na bado miguu ilishuka, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kwenda, na nyuma yake daktari alikuwa akisema kwa sauti ya kusikika soko zima kwamba huko Rosario mitaa imenyooka na mtu hapotezi shemeji. Walishuka ngazi arobaini. Wakashuka nyingine. Mama Primi aliona turubai la kijani kabla hajataka kuliona.

Nélida alikuwa ameketi kwenye benchi, amezungushia mikono kikombe cha bati, na mdomo wake ulikuwa wa zambarau mpaka chini ya pua.

"Mama Primi!" alisema, amejaa furaha. "Niliwauliza watu watano turubai la kijani liko wapi, wote wakaniambia hapo tu, chini kidogo. Na kweli palikuwa hapo tu!"

Mara moja katika miaka thelathini na saba mji huu ulikuwa umesema kweli, na uliichagua siku hiyo.

Hilaria Tintaya alikuwa akikoroga sufuria, marinda ya sketi yake yamejaa kigoda chote. Hakuinua kichwa. "Karibu, kasera. Leo umechelewa."

"Ngazi, kasera. Wageni wangu hawana mapafu."

"Kaeni basi. Andazi linatoka sasa hivi."

Mirtha alishaanza kuketi. Lakini daktari alibaki amesimama, suruali yake ina ramani ya mchuzi, kidole juu.

"Hapana, hapana, mama, ahsante. Sisi hatukai. Tumewekewa meza Jiko la Bibi."

Mama Primi alimkanyaga mguu.

"Unanikanyaga, mama. Huyu kiongozi wetu mwenyewe ametuambia," akaendelea, akimgeukia Hilaria kwa upole wa mtu anayeeleza jino bovu, "kwamba ndiyo api bora kuliko zote La Paz. Hakuna nyingine mjini inayoifikia. Sivyo, Mama Primi?"

Upawa ulisimama ndani ya sufuria.

"Alisema hivyo?" aliuliza Hilaria.

"Kwa mdomo wake."

"Nilisoma karatasi, kasera," alisema Mama Primi. "Kijana wa ofisini kaandika, mimi nimesoma tu."

"Ulisoma kwa mdomo wa nani?"

Hilaria hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu; soko zima lingeingilia, wangetukanana vizuri, na kufikia mchana wangekuwa wamecheka. Badala yake alichukua kikombe safi, si kile chenye kishikio kilichobonyea ambacho Mama Primi alinywea miaka yote, akakijaza mpaka kwenye alama ya kipimo, si zaidi si pungufu. Akachomoa karatasi laini ya kufutia mdomo, akaikunja pembe tatu, akaiweka chini ya kikombe, na akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Karibu, mgeni. Angalia usiungue."

Kitambo kizima Mama Primi aliitazama karatasi ile. Miaka thelathini na saba alikuwa akifuta mdomo kwa kiganja, kwa shali, siku moja kwa ncha ya aproni ya Hilaria mwenyewe. Hakuwahi kupewa karatasi ya kufutia mdomo. Aliketi akanywa. Api ilikuwa ileile, na karafuu zilezile, na ilimpita kooni kama maji ya mtaro. Nélida pembeni yake alimaliza kikombe, akakinyoosha kama mtu anayekirudisha, na Hilaria akakijaza nusu bila kumtazama. Mkono ulifanya mambo yake. Mama Primi naye akanyoosha cha kwake. Hakukusudia, mkono uliondoka wenyewe kwa mazoea.

Hilaria alifunika sufuria.

"Nyongeza ni ya makasera, mgeni."

"Huyu amekunywa leo tu!" Mama Primi alimwonyesha Nélida. "Hujui hata jina lake!"

"Huyu aliulizia njia mpaka akanifikia. Wewe ulikuwa unaijua."

"Tunachelewa," alisema daktari, akitazama saa. "Meza imewekwa kwa saa nne na nusu. Mama, hebu tupeleke. Ndiyo kazi yako."

Na hapo kila kitu kilichokuwa kimekunjwa mfukoni mwa Mama Primi tangu asubuhi kikakunjuka. Alimwona Limbert na krimu yake. Aliuona mkahawa wenye bibi asiyekuwapo. Aliona msimu mzima wa sikukuu bila kundi hata moja, na meza ya peremende uwanjani, na magoti yake yakiketi nyuma ya meza hiyo kwenye upepo. Aliyaona yote kwa usahihi, hakuna alilojidanganya. Kisha akasimama, akamwekea daktari kibendera cha buluu mkononi, juu ya chupa yake ya maji ya moto.

"Shika. Wewe ndiye unayejua kila kitu, mpaka saltenya ni yenu. Ongoza."

"Niongoze wapi? Liko wapi hilo jiko?"

Mama Primi alinyoosha mkono kuelekea bondeni, ambako ngazi nyingine ziliendelea kushuka mpaka macho yalipochoka.

"Hapo tu," alisema. "Chini kidogo."

"Mbali?"

"Hapo tu, daktari."

Mirtha alisimama kwa shida. "Nélida, inuka."

"Nendeni nyie," alisema Nélida, akiuma andazi. "Mimi nimefika."

Walishuka, bendera mbele. Sauti ya daktari ilisikika muda mrefu, akimwuliza mtu, na sauti ya mtu ikimjibu kwa ukarimu, na hatua zikaendelea kushuka. Simu ikalia. Mama Primi aliipokea akiwa bado amesimama.

"Mama Primi! Jiko la Bibi wananipigia, krimu inayeyuka! Wageni wako wapi?"

"Hapo tu, mwanangu."

"Hapo wapi?"

"Chini kidogo."

"Mama Primi, nilikwambia wazi, msimu wa sikukuu..."

"Uliniambia wazi, na mimi nimekusikia wazi. Hizo ngazi ulizonikabidhi kwenye karatasi, njoo uzipande mwenyewe. Na huyo bibi ukimwona, nisalimie."

Alikata, akaketi. Mafuta yalichemka, andazi jipya likatuna na kugeuka.

"Jiko la Bibi," alisema Hilaria hatimaye, akiwa anazungumza na sufuria, "si liko juu?"

"Liko juu."

"Mitaa miwili juu."

"Mitaa miwili na ngazi sitini."

Hilaria aliuma midomo. Alivuta shali akajifunika mpaka machoni, na mabega yake yakaanza kuruka. Alicheka hivyo bila sauti, mpaka kofia ikamlalia upande mmoja na ikabidi aishike. Nélida, ambaye hakuelewa kitu, alicheka pia. Mama Primi hakucheka. Alikuwa akiangalia kikombe chake kitupu. Alipoona shali imeteremka na uso umetokea, akakinyoosha tena.

Hilaria alifunua sufuria. Mvuke ulipanda mnene. Api ilikuwa imejaa zaidi ya nusu, inabubujika. Aliitazama kwa makini, kama mtu anayetafuta kitu kilichozama.

"Imekwisha," alisema.

"Naona."

"Imekwisha kwa leo." Akarudisha mfuniko, akausukuma kwa kiganja mpaka ukakaa sawasawa. "Kesho uwahi, kasera."

Mama Primi aliweka kikombe chini. Akaichukua ile karatasi ya pembe tatu ambayo hakuwa ameitumia, akajifuta mdomo kwa kiganja, na akairudisha karibu na mkono wa Hilaria.

"Na hii," alisema, "mpe mgeni."